Chokaa Kabla ya Jua

Niliwachorea mistari saa kumi na mbili kasoro,
chokaa ikiganda vidoleni kama ugali wa jana.
Ukungu ulikuwa bado umeukalia uwanja wa shule
na goli la upande wa Rungwe halikuonekana.
Nikafunga kamba kwa kukisia.
Nikasema, wakilalamika, waulaumu mlima.

Wamekuja kutoka joto. Basi lao lina mapazia.
Siku ya kwanza walishuka na kandambili,
nasi wa Tukuyu tukavitazama vidole vyao
kwa huruma ambayo hatukuisema.
Siku ya pili duka la Bupe liliishiwa soksi.

Leo ni siku ya tisa. Nimewazoea kwa miguu, si kwa sura:
huyu anayechapa ardhi kana kwamba inamdai,
yule anayetua kwa ncha, kama anayepita chumba cha mgonjwa.
Nahodha, Mtoro, hulifunga goti lake bandeji mwenyewe
nyuma ya choo cha wavulana,
ambako hadhani kuna mtu. Mimi ndiko ninakoweka toroli.
Tulitazamana.
Nikaendelea kukoroga chokaa.

Saa ya kwanza hakuna mpira. Hilo watoto wa uzioni
hawajalisamehe mpaka leo.
Ni kukimbia tu, mkaratusi hadi mkaratusi,
na hewa yetu nyembamba inawapekua mifuko.
Kipa mmoja mrefu, mtu wa Kigoma,
aliinama akatapika uji wote wa ulezi,
kisha akaziomba radhi nyasi.
Nilimpenda tangu hapo.

Mpira ukija, ndipo lugha inarudi.
"Nyuma yako!" "Wahi!" "Muda unao, muda unao!"
na lile neno la pwani nisiloweza kuliandika,
maana uwanja ni wa shule.
Winga akipigwa tobo, uzio mzima unacheka,
hata mama Atupele mwenye ndoo ya viazi vya kuchemsha,
anayeapa kila siku kwamba yeye mpira haangalii, anauza tu.

Halafu yupo Lwitiko, wa Kiwira.
Wenzake wana namba mgongoni, yeye ana plasta,
na juu ya plasta, kwa kalamu ya kocha msaidizi: M.
M ya majaribio.
Mama yake, aliyekuja na chupa ya chai,
aliwaambia watu ni ya Mwakalinga, jina la ukoo.

Jana jioni alimvisha Mtoro kanzu.
Mpira ukapanda juu ya kichwa cha nahodha, bila haraka,
na Mtoro akageuka
kama mlango uliovimba kwa mvua.
Uzio haukucheka.
Nadhani wote waliliona goti. Au niliyeliona ni mimi,
nikawakopesha macho.

Baada ya filimbi kocha alimwita kijana pembeni.
Waliongea muda wa kufunga kamba za kiatu kimoja.
Akaivua bibu, akaikunja mara nne,
akairudisha kwa mikono miwili.
Ningeweza kutamka neno moja kuhusu bandeji.
Mtoro ana watoto wanne, picha zao zimo kwenye begi lake.
Lwitiko ana miaka kumi na tisa.
Hesabu hiyo ilinishinda, nikaenda kuosha ndoo.

Asubuhi hii nimemkuta uwanjani kabla yangu,
anakimbia peke yake, mkaratusi hadi mkaratusi,
plasta bado iko mgongoni, herufi imeyeyuka kwa jasho na ukungu.
Sikumfukuza. Nilimwambia, "Ndaga. Shika kamba huko."
Akaishika, akaivuta mpaka ikalia,
nami nikamwaga chokaa nikimfuata mtu nisiyemwona.

Ukungu ulipofunguka tukautazama:
mstari mmoja ulionyooka, tangu waje.
Saa moja basi lenye mapazia likaingia getini.
Wakashuka, wote wamevaa soksi,
wakaukanyaga.