Deni

Alikuja siku waliyokata umeme,
mvua ya Aprili ikiipiga Jericho kama iliyotumwa.
Hakubisha hodi. Aliingia, akajikung'uta,
akakaa juu ya bili.
Nikamwita Deni.
Tangu hapo namlipa kidogo kidogo:
vichwa vya omena, maziwa ya kupima,
nusu ya kiti changu,
halafu kiti chote.

Jumamosi ni drafti.
Ubao tulichora wenyewe kwenye kipande cha dawati,
vizibo vya soda vilivyolala kifudifudi ni vyangu,
vilivyolala chali ni vya Ondiek,
na Halake ndiye refa, kwa kuwa hajui kucheza
wala hajui kunyamaza.
Mumbua huleta njugu, na redio ya marehemu babake.
Mwezi wa nane huu naifungua, naifunga,
na kila nikiifunga skrubu moja hubaki kiganjani.
"Hiyo ni ya ziada," namwambia.
"Ya ziada," anasema, anaitia pochini.
Sasa anazo tano.
Redio bado inakoroma.

Mchezo ukikolea, Deni hupanda ubaoni.
Siku moja alifagia kingi wawili wa Ondiek kwa mkia,
Ondiek akaomba warudishwe.
Halake akakataa: hapa hatua ya paka hairudi nyuma.

Kisha Julai, baridi ile ya kukufuata hadi blanketini,
akapotea.
Siku ya kwanza nilisema, ni dume, ana mambo yake.
Siku ya pili nilitikisa mkebe dirishani, mkono nje, bila haya.
Siku ya tatu Halake alizunguka mtaa mzima
akipaza sauti, "Deni! Deni!"
na milango ikafungwa, mmoja baada ya mwingine,
mtu mmoja akazima hata taa.

Mumbua ndiye aliyemwona.
Juu yangu, ghorofa ya tatu, pazia la maua,
mkia ukining'inia kama kamba ya kengele.

Tulipanda wote wanne, kama wadai.
Miaka sita nimeishi chini ya nyayo za mama huyu.
Saa anayoamka naijua, kikohozi chake nakijua,
najua kiti kipi hukivuta na kipi hukibeba.
Jina lake sikulijua.
Ni Wamaitha. Alikuwa posta, dirisha la stempu,
miaka thelathini na mmoja.
"Mnatafuta nani?"
"Deni."
"Mimi sidaiwi na mtu."
Ondiek akanyoosha kidole.
"Huyu? Huyu ni Karani.
Analala juu ya mafumbo yangu ya gazeti,
mwaka wa pili huu sijajaza hata moja nikamaliza."

Mwaka wa pili!
Nikapiga hesabu palepale mlangoni:
omena kwangu saa moja,
matumbo ya kuku kwake saa mbili,
na lile tumbo nililodhani ni uzee.
Wahenga walituonya kuhusu fahali wawili na zizi moja.
Paka mmoja na nyumba mbili,
hapo walituachia wenyewe.

Siku hizi huteremka Jumamosi,
paka kwapani, penseli sikioni.
Ondiek alimchekea. Alimla vizibo vyote,
akamuuliza kama ana vingine.
Halake akakosa la kusema,
tukaisikia redio ikikoroma.

Jana alifungua gazeti katikati ya mchezo.
"Herufi sita, inaanza na J:
anayeishi karibu, humjui."
Mumbua akahesabu kwa vidole.
Halake akasema, "Jumamosi,"
tukamwambia ahesabu tena.
Nilikuwa nimefungua kinywa
Deni alipojinyoosha, akajilaza,
kifua chote juu ya ile miraba mitupu.

Hakuna aliyemwondoa.
Ilikuwa zamu yangu kucheza.