Makabidhiano ya Zamu, Kontena la Tatu

Sikudhani, nimetoka saa kumi na mbili na robo.
Ufunguo uko kwa mlinzi. LUKU imebaki yuniti kumi na tisa.
Mvua ya vuli, hapa Kurasini, inaishia kwenye bati:
humu ndani hakuna Desemba wala jua,
kuna taa za zambarau na saladi mia nne
zinazosubiriwa na hoteli za Masaki.

Usiamini rangi. Kijani hudanganya
kama mtu anayejibu "mzima" akiwa kwenye foleni ya daktari.
Tazama waya, ule mwembamba kama unywele,
nilioulaza chini ya jani, upande wa mgongo,
pale mishipa inapogawana njia.
Hewa: ishirini na sita.
Jani: ishirini na nne na nusu.
Hiyo digrii moja na nusu ndiyo habari yote ya leo.

Maana yake vinywa viko wazi,
vile ambavyo jicho halivioni;
maji yanatoka, hewa ukaa inaingia,
na ndani huko mwanga unapikwa kuwa sukari.
Jiko hatulioni. Tunapima ubaridi wa mlango.

Fundi Mkude alibisha, unakumbuka?
"Anayefanya kazi hupata joto."
Nikamwambia akamtazame kuli bandarini,
shati limelowa, upepo ukipita mgongo unapoa.
Jani likitoka jasho liko kazini.
Likichemka, limegoma.

Ila baridi peke yake si ushahidi.
Zima taa: hata jani lisilofanya lolote litapoa.
Feni nayo ina uongo wake.

Jumanne umeme ulikatika, ukarudi, pampu haikurudi.
Taa zilikuwa zinawaka, kila kitu kibichi, kizuri,
nami nikaandika "hali nzuri" kabla ya kusoma waya.
Ulisema ishirini na tisa.
Nimekata mstari. Sikuuchana ukurasa. Utauona.

Jambo la mwisho: safu ya saba, mche wa pembeni,
ishirini na saba tangu adhuhuri.
Sijui. Labda mizizi. Labda waya wangu umeteleza.
Uguse kwa mgongo wa kidole,
kisha andika ulichokuta,
hata kama hakitanipendeza.