Dozi Ndogo

Kwanza nafunga dirisha.
Upepo wa Julai hapa Hombolo haubishi hodi,
na sahani ya mizani hii,
iliyopima dawa miaka thelathini na mmoja
kwenye chumba cha dawa cha hospitali,
hutikisika hata nikikohoa.

Maganda niliyaosha jana kwa limau na chumvi,
nikayaanika kwenye ungo, juu ya banda la kuku.
Mama Nyemo alichungulia uani
akauliza hereni hizo nauza bei gani.

Fataki kitakoni, moja moja, kwa dole gumba.
Kisha baruti: ya kijivu, nyepesi,
kama uwele uliokosa mvua ya Machi.
Naipima kama nilivyompimia mtoto wa miezi minane,
ya kutosha,
na isizidi ya kutosha.

Si woga.
Kifundo changu cha kulia kina baridi yabisi,
na baridi yabisi haijui ushujaa.
Risasi za dukani hurusha mkono
kama punda aliyechoka kubeba madumu.
Mimi nataka kuangusha makopo tu,
kisha nirudi nikasonge ugali kwa mkono uleule.

Lakini kidogo mno nayo ni balaa:
risasi hukwama kooni mwa mtutu,
ikingoja mwenzake aje kuigonga mgongoni.
Na ganda likijazwa mara mbili kwa kusahau,
hapo ndipo vidole huokotwa.
Kwa hiyo redio naizima.
Kwa hiyo namulika kurunzi ndani ya kila moja,
hamsini, yamesimama kwenye kibao, vinywa wazi,
kama watoto wanaongoja chanjo ya matone:
pasiwe aliyerukwa,
pasiwe aliyerudi foleni.

Yoeli angecheka.
Yoeli Chidawali, mume wangu,
alipakia zake mlango umefungwa,
akatoka akijipiga kifua:
"Hizi si za wanawake. Hizi zina teke."
Na kweli, pale mbele ya kichuguu,
kila mlio mkono wake uliruka hadi usawa wa kofia,
nami nyuma yake na chupa ya maji,
namwonea fahari, namwonea huruma bega.

Aliniachia bastola,
leseni iliyochukua miezi saba ya "njoo kesho" kuja jina langu,
na kopo la kahawa lenye risasi kumi na mbili.
Juu ya mfuniko, kwa wino mwekundu: KALI.

Miaka miwili sikuligusa.
Leo nimesema nizivunje, nisije nikazichanganya na zangu.
Nyundo ya plastiki, pigo, pigo,
kichwa kikachomoka,
baruti yake ikamwagika kwenye sahani yangu.

Mshale haukufika.

Nikafuta sahani. Nikapima tena.
Ya pili. Ya tano.
Ya kumi na mbili nilipima miwani ikiwa mkononi,
pua karibu iguse namba.
Zote chini ya zangu.
Chini ya dozi ya bibi mwenye baridi yabisi!

Ee Yoeli.
Kumbe ule mkono ulikuwa ukiurusha mwenyewe.
Tangu lini? Tangu kile kiangazi
ulichoacha kufungua mitungi,
ukasema mifuniko ya siku hizi ni mibaya?

Nimecheka mpaka kuku wakanyamaza.
Kisha nimekaa kidogo, sahani tupu mapajani.

Alasiri nimepita nyuma ya mizabibu hadi kichuguuni,
nikapanga makopo sita ya nyanya, nikaziba masikio.
Bastola ikasema pu,
kama mtu anayepuliza chai.
La kwanza likainama. La pili likajifikiria, likaanguka.
La tatu nimekosa. La nne, la tano, chali.

Kabla ya la sita nimetazama nyuma:
hapakuwa na mtu, ila mbuzi wa Masinga, mbali, barabarani.
Nikafyatua,
na mkono nikaurusha juu,
juu kabisa,
hadi usawa wa kofia.