Hotuba za Baba, Toleo la Kwanza

Kanda arobaini na moja ndani ya katoni ya sabuni.
Nyingine zina tarehe, nyingine zina neno USIFUTE,
moja imeandikwa Kwaya ya Chavakali, na ndani yake
ni baba, akifungua josho la ng'ombe.

Mwalimu Elam Asiligwa. Toka Mbale hadi Kisumu
hakuna aliyepanga harambee kabla ya kuuliza,
"Asiligwa atakuwepo?"
Wafiwa nao waliuliza, ila kwa sauti ya chini.

Miezi saba nimekaa na redio mezani,
nabonyeza, nasikiliza, narudisha nyuma, naandika.
"Mheshimiwa tulimwalika saa tatu, amefika saa tisa.
Tumpigie makofi, jamani: ahadi zake bado ziko njiani."
Hapo mabati yanatetemeka,
jenereta inazima, inawaka,
na mimi na kalamu yangu tunatazamana.
Kicheko kina tahajia gani?

Mwanzo niliandika (kicheko).
Kisha (kicheko kirefu).
Kisha (mama mmoja anaomba maji).
Mhariri akayakata yote kwa wino mwekundu:
msomaji atacheka mwenyewe akipenda.
Nikaisoma ile ya josho bila mabano yake.
Ilikuwa kama ugali uliolala,
chakula, ndiyo, lakini nani ataukimbilia?

Kisa cha fahali nimekihesabu mara kumi na nne.
Luanda, fahali ni wa mchungaji.
Sabatia, ni wa chifu.
Majengo, ni wa baba mwenyewe,
maana siku hiyo mchungaji na chifu
walikaa mstari wa mbele, bega kwa bega.
Miaka yote nilimdhani jasiri.

Kanda ya thelathini na tatu niliiacha mwisho.
Ni uani kwetu, siku tuliyomzika mama.
Nasikia viti vikikokotwa, nasikia shangazi Kageha
akinyamazisha watoto, halafu yeye:
"Huyu ndiye mtu pekee aliyenisikiliza
miaka thelathini na nane bila kucheka hata mara moja.
Nyumbani nilikuwa nafanya mazoezi,
yeye anachambua mboga, ananiambia, Elam, punguza.
Leo nimekuja na ile fupi kabisa."

Kisha hakuna kitu.
Sekunde kumi na moja, nimezipima kwa saa ya ukutani.
Kuku anapita. Mtu anakohoa.
Umati mzima umeshika pumzi, tayari kucheka,
kwani ndivyo alivyowazoesha.
Kisha anasema, "Haya,"
na kanda inakwaruza, inakatika.

Sikujua niandike nini, nikaacha ukurasa mtupu.

Jana Bwana Obunga wa kiwanda cha chapa, Kisumu,
amenipigia simu, mashine zikinguruma nyuma yake:
"Dada, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili
hauna neno. Ni kosa?"
Nikamwambia, si kosa, uache vivyo hivyo.
Akafikiri.
"Sawa. Lakini nitautoza bei ileile ya ile iliyojaa."

Nilicheka hadi nikaketi sakafuni,
simu ingali sikioni,
na Bwana Obunga akiuliza,
"Haloo? Haloo? Nimesema nini?"