Mlango wa Elfu Kumi

Ruse, Februari, saa nane za usiku.
Danubi imejifunika ukungu hadi kooni,
Romania ya ng'ambo haina taa hata moja,
kana kwamba haikuwahi kuwako.
Chini ya idara ya maji ya mji
Zornitsa Paskaleva amevua glavu moja.
Nyingine kaiacha: kiyoyozi cha chumba hiki
hakijaambiwa kwamba ni kipupwe.

Seva mbili rafu moja, wake wenza.
Ya zamani inanguruma, feni inakwaruza
kama mtu anayetafuta kohozi asilipate.
Mpya haisemi. Ina taa moja ya buluu
na plastiki ambayo hakuna aliyeibandua usoni.

Barua zenyewe zilihama Jumamosi:
bili zinazobishaniwa, mabomba yaliyopasuka,
yule bibi anayeandika kila Jumatatu
kwamba maji yake yana ladha ya sarafu.
Zote zimepita kebo ya kijani
bila kumwaga nukta.
Kilichobaki ni mlango wa msimamizi,
mlango namba elfu kumi,
ukurasa wa kijivu ambao mtu mmoja huuingia
kuamua nani apewe sanduku, nani afungiwe.
Mkurugenzi hajui kwamba upo.
Hajui hata kwamba hajui.

Anabadilisha anwani: tarakimu ya mwisho, saba iwe tisa.
Basi. Kuhama kote huku ni saba kuwa tisa.
Kisha kusubiri, maana mtandao una kumbukumbu ya saa nzima
na hauachi njia ya zamani kwa kuambiwa mara moja.
Anamimina chai ya mnaanaa kutoka termosi.
Inapoa kabla ya dunia kusahau.

Anabisha hodi. Kivinjari kinamzuia:
*Tahadhari. Aliyefungua si unayemjua.
Cheti chake amejitilia sahihi mwenyewe.*
Anacheka peke yake. Ni kweli,
mgeni kajidhamini,
lakini kalamu nilimshikia mimi.
*Naelewa hatari. Endelea.*

Nenosiri. Vidole vinatangulia,
vinaandika lile refu la Stamen:
jina la mbwa, mwaka wa mafuriko, alama ya mshangao.
Stamen Garvanski, aliyemfundisha kazi
kwa kumtukana polepole,
aliyezikwa mwaka juzi, Novemba, kwenye matope.
Limekataliwa.
Alilibadilisha mwenyewe jana mchana.
Mikono haikuarifiwa.

Haya, yuko ndani. Orodha ileile, rangi nyingine.
Masanduku mia mbili kumi na manne,
na kati ya slavka na stoyan,
stamen:
barua mia nne na sitini, hazijafunguliwa,
mtumaji mmoja.
Seva ya zamani. Kila usiku, saa saba na dakika tano:
*Diski nzima. Foleni tupu. Niko macho.*
Alijiandika mpokeaji enzi hizo,
na nani angeiambia mashine habari ya msiba?

Futa, kinasema kitufe. Mshale unakaa juu yake
muda wa kuhesabu kumi. Labda ishirini.
Anauondoa.

Anaizima ya zamani.
Feni inashuka, inashuka, inakwaruza mara ya mwisho,
halafu, ndani ya ukuta, kitu ambacho miaka sita
hajawahi kukisikia katika chumba hiki:
maji ya mji, yakipita bombani
kwenda kwa watu waliolala.

Usiku uliofuata, saa saba na dakika tano,
ikaingia ya mia nne sitini na moja.
*Diski nzima. Foleni tupu. Niko macho.*
Mashine mpya, salamu ya kurithi:
alinakili mipangilio yote bila kuisoma,
au aliisoma, hataki kusema.

Asubuhi akafungua mstari wa mpokeaji.
Hakufuta kitu.
Baada ya jina lile akaweka koma,
nafasi moja,
akaandika lake.