Kwa Mpangaji Ajaye

Ufunguo wa mlango wa nyuma hukwama: uinue kidogo, ndipo uzungushe.
Bomba la bafuni huguna usiku. Utalizoea.
Barua hii ni kwa ajili ya yule aliye nyuma, kando ya uzio,
mwenye majani yaliyochanika
kama ukili uliokatiwa njiani.

Usimng'oe.

Hapa Iowa wanamwita mmea wa dira.
Mimi humwita Dira tu, na nasema "yeye";
sarufi na inisamehe.

Mbegu zake tuliziokota Oktoba, mimi na Bi Ardis wa nyumba ya kona,
kwenye reli ya zamani, pale ambapo plau haikuwahi kupita.
Alinihesabia kumi na moja kiganjani
kama muuza duka anayerudisha chenji.
Zikakaa kwenye friji siku sitini, ndani ya mchanga mbichi,
kati ya siagi na pilipili ya kusaga,
mpaka mume wangu akauliza: chakula cha nani hiki?
Cha ardhi, nikamwambia.
Sisi baridi hutulaza. Hizi huzigongea mlango.

Kumi zilioza, au zililiwa na panya, sijui.
Moja ikatoa jani.
Jani moja, mwaka mzima!
Mwaka wa pili, mawili.
Nami natoka zamu ya usiku, kwa dobi wa hospitali,
mikono ikinuka jiki,
nachuchumaa kumtazama mtu asiyekua.
"Anakua," akasema Bi Ardis, "ila huko usikokuona."

Wanasema subira huvuta heri.
Dira amevuta miaka sita,
na mimi nimeshika upande wa pili wa kamba.

Usidhani sikushika koleo.
Aprili, tulipopata habari ya kazi ya Omaha,
nilichimba kumzunguka hadi mkono ukazama kiwikoni.
Nikakuta mzizi mnene kama kifundo cha mguu,
bado unakwenda zake chini,
kupita msingi wa nyumba, kupita mabomba,
hauna habari na Omaha.
Nikamrudishia udongo wake.

Basi, mbolea usimpe: akishiba huanguka.
Maji pia, hata Julai, nyasi za jirani zikigeuka kadibodi.
Asipoonekana Aprili, ngoja Mei.
Mashina makavu yaache yasimame theluji yote;
kuna vidudu vimepanga humo, na havina mkataba.
Barua ya manispaa itakuja, kwamba majani yamezidi urefu.
Nenda dirisha la pili, ghorofa ya chini,
useme taratibu: huyu si gugu, ni mwenyeji.
Mimi nilisema hivyo
kibali changu kikiwa bado kinanuka plastiki.
Karani alinitazama, akamtazama Dira kwenye picha,
akagonga muhuri.

Siku ya jua kali utaona majani yamesimama wima,
makali yake kaskazini na kusini,
yakilikwepa jua la adhuhuri.
Simu yangu ilipokufa niliswali kwa kumtazama yeye:
kaskazini, kisha bega la kulia kidogo.
Si lazima uamini. Majani machanga hupotea,
huelekea popote, kama sisi wiki ya kwanza.

Mwaka huu ametoa shina.
Jana lilinifika kifuani, lina vifundo vya kijani
na utomvu unaonata kama ubani.
Sisi tunaondoka tarehe thelathini.
Maua ni ya manjano, nimeambiwa,
huja Julai.

Usinitumie picha.
Mwite Bi Ardis. Macho yake hayaoni tena mbali,
na ngazi za nyuma zina ubao uliolegea, wa tatu.
Mshike mkono mpaka kwenye uzio,
ufungue kiganja chake,
umhesabie humo, moja moja.