Kopo la Biskuti

Kopo la biskuti halina biskuti tangu mama afe.
Lina dawa.
Leo nimelimwaga juu ya meza ya jikoni, hapa Łódź,
theluji ikinata dirishani,
na baba, Bogumił, dereva wa tramu miaka thelathini na mmoja,
ameketi mbele yangu na plasta kwenye paji la uso
kama mtoto aliyefumaniwa na sukari mdomoni.

Jumanne alianguka.
Aliinuka kitandani, sakafu nayo ikainuka kumlaki,
akabusu ukingo wa kabati.
"Uzee," alisema.
Nami nikaamini, maana uzee ni rahisi kuushtaki:
haujitetei.

Sasa nasoma.
Boksi hili jekundu lilitoka naye hospitali, Novemba.
Hili la buluu lipo nyumbani tangu zamani.
Majina yao makubwa hayafanani hata herufi,
lakini chini, kwa maandishi membamba kama miguu ya sisimizi,
jina lile lile. Miligramu zile zile.
Mgeni mmoja, makoti mawili,
na baba kila asubuhi akimfungulia mlango mara mbili
kisha akishangaa shinikizo la damu limeshukia kwenye soksi.

"Daktari wa hospitali alinipa."
"Na wa mtaani?"
"Naye alinipa."
"Ulimwambia huyu habari za yule?"
Anaikuna plasta.
"Hakuniuliza."

Kuna na vidonge vinne ndani ya karatasi ya chokoleti.
"Vya Zenobiusz, jirani. Vya mgongo."
"Kwani wewe una mgongo wa Zenobiusz?"
"Nina mgongo."
Kuna na chupa ya kikohozi changu mimi, nilipokuwa darasa la tatu.
"Ilikuwa nzuri sana hiyo."
"Hata maziwa, baba, yalikuwa mazuri."

Nikabeba vyote kwenye mfuko wa mkate.
Mfamasia, Bi Halszka, alivipanga chini ya taa
bila kucheka, bila kukemea,
akapiga simu kliniki, akangoja, akaitikia kwa kichwa.
Koti la buluu likabaki.
Jekundu likaenda kwenye pipa lao la dawa zilizokataliwa,
pamoja na mgongo wa Zenobiusz na utoto wangu.
"Msimwage chooni," alisema,
"samaki wa mtoni hawana shinikizo."

Njiani baba akasimama, mvuke ukimtoka puani.
"Mimi nikisahau cha asubuhi," alinong'ona,
"jioni humeza viwili. Nalipa deni."
Nikamtazama.
"Tramu ya saa mbili ikikosekana,
uliwahi kutoa mbili pamoja ya saa tatu, zikabanana relini?"
Akakasirika kweli, hasira ya fundi aliyeguswa kazi yake:
"Mungu apishe mbali! Ikichelewa kidogo, inakwenda.
Ikikaribiwa na ya pili, inafutwa.
Na ukiwa huna hakika, unauliza kituo kikuu."
Akasikia aliyoyasema.
Tukatembea hadi nyumbani bila neno.

Usiku ule aliandika ratiba kwa mwandiko wake wa kazini,
saa kushoto, kituo kulia:
kidonge, kiamsha kinywa, kidonge, supu.
Pembeni akachora balungi, akalikata kwa mistari miwili,
maana Bi Halszka alimwambia linagombana na kidonge cha lehemu.
Nakala moja mlangoni mwa friji.
Nyingine kwenye pochi, nyuma ya picha ya mama,
ili daktari yeyote amkute yeye kwanza.

Mimi nilirudi kwangu na mafua.
Nikakoroga unga wa limau, ule wa pakiti, nikanywa.
Kichwa kikagoma.
Nikachukua vidonge vya kichwa, viwili tayari kiganjani,
maji tayari kwenye glasi,
nikakumbuka miguu ya sisimizi.

Nikaokota pakiti kwenye takataka, nikaikunjua.
Jina lile lile.

Nilisimama pale muda mrefu, miwani puani,
mimi niliyemcheka baba njia nzima.